Winga wa Mgawo

Mdogo wangu Sakhumzi alivaa jezi ya taifa ya raga mara moja tu maishani mwake, na nakuapia, bora asingeivaa. Mtanishangaa. Nishangaeni. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni mama akienda kufua nguo za watu mjini Alice, na mimi ndiye ninayemfulia yeye mpaka leo. Kama kuna mwenye haki ya kusema habari zake ni mimi MaBhele, binti wa ukoo wa Bhele, na mdomo wangu haujawahi kuomba ruhusa kwa mtu.

Alikuwa winga. Hapa kwetu Debe raga si mchezo wa wazungu, hata waseme nini. Babu zetu waliicheza kwenye viwanja vya vumbi na mavi ya ng'ombe, na timu ya kijiji ikifungwa Pasaka, watu hawasalimiani wiki nzima. Sakhumzi alikuwa na mbio, jamani! Mbwa wa Mchungaji Mpongwana, aliyekuwa akimla kila mpita njia, akimfukuza yeye alichoka akalala chini. Basi Serikali ya wazungu ilipoondoka, ikasemwa kwamba timu ya taifa haiwezi kuendelea kuwa nyeupe pepepe kana kwamba sisi wengine hatuna miguu. Ikawekwa hesabu ya weusi ambao lazima waingie, wakaiita mgawo. Mwaka huo Sakhumzi akaitwa, na kijiji kikachinja.

Mechi ilichezwa Bloemfontein. Tulijazana kwa mchungaji, penye televisheni, watoto chini ya meza, wazee kwenye makochi. Sasa winga, kama hujui, ni mtu wa pembeni kabisa, karibu na mstari wa chaki. Hula anacholetewa. Mpira unatoka katikati, unapita mkono hadi mkono, ndipo umfikie. Siku ile ulikuwa ukifika kwa mzungu aliyecheza kando yake unaishia hapo hapo. Mara aupige teke, mara ajitose nao mwenyewe kwenye ukuta wa watu. "Mpe! Mpe wewe, unamwona!" tuliipigia televisheni kelele mpaka mke wa mchungaji akafunga madirisha. Sakhumzi aliinua mkono, akaushusha, akauinua tena. Mwishoni mtangazaji akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshiba, kwamba mchezaji wa mgawo hakuonekana. Aonekane na nini?

Hakuitwa tena. Na mpaka leo hajui kama walimnyima mpira kwa makusudi au mchezo ulikwenda hivyo tu. Hajui kama aliitwa kwa miguu yake au kwa ngozi yake. Angejua moja, lolote lile, angelia akamaliza. Kutojua ndiko kulikomla.

Na ungedhani nyumbani atapata pa kuegemea. Thubutu! Watu wetu nao wana midomo. Alipoingia kilabuni jioni ya kwanza, wakamsogezea benchi. "Karibu, Mgawo! Kaa, nafasi ya mweusi ipo!" Wakacheka. Mwingine akadakia, "Mgawo, hiyo bia unainywa kwa kipaji au kwa hesabu ya weusi?" Akacheka nao. Jina likamganda. Watoto wa shule walimwita hivyo wakidhani ndilo alilobatizwa. Hakwenda tena kilabuni. Mkewe Nontsapho alivumilia, kisha akafunga virago. "Wifi," aliniambia, "niliolewa na mtu, si na kabati."

Akabaki peke yake katika nyumba ile ya vyumba viwili. Akawa akikata majani kwenye viwanja vya shule moja mjini, jioni anawafundisha watoto raga, usiku hawashi hata redio. Nikimtembelea Jumapili nakuta sufuria ya makande aliyopika Alhamisi, amekula upande mmoja tu, kijiko kimesimama ndani. Nilikuwa nikimfokea, "Wewe, hata paka huna?" Anatabasamu. Inauma kumwona mtu mzima akiishi kama mgeni anayesubiri basi.

Mtu pekee aliyemchangamsha ni mwanangu Sibabalo. Baba yake, Radebe, alifia machimboni Carletonville mtoto angali ananyonya, kwa hiyo mjomba ndiye aliyekuwa baba. Alimfundisha kukimbia kabla hajafundishwa kusoma. Na mtoto akatoka na mbio zile zile, ila yeye alikuwa na kifua pia. Alipofika mwaka wa mwisho wa sekondari kila mtu Debe alisema jambo moja: huyu ni wa taifa. Yeye mwenyewe hakuwa na ndoto nyingine. Alilala na mpira, haki ya Mungu angeoga nao kama ningemruhusu.

Na bahati gani! Mwaka huo huo Sakhumzi, kwa ile jezi moja aliyowahi kuvaa, akateuliwa kwenye jopo la kuchagua timu ya taifa ya vijana. Nilipiga vigelegele. Yeye akasema, "Hata huko nimewekwa kujaza, dada." Nikamwambia jaza basi, jaza mpaka pamwagike, mradi mwanangu apite. Sibabalo akamsindikiza hadi barabarani akiwa amembebea begi.

"Mjomba, utanipigia simu?"

"Nitakuja mwenyewe."

Akaja mwenyewe. Alisimama langoni, hakuingia. Nilimwona nikatoka na unga mikononi.

"Hakupita," alisema.

"Kwa nini?" Sibabalo akauliza.

"Mawinga ni wengi mwaka huu."

Mwanangu akasema asante, mjomba. Kisha akachukua ndoo akaenda kuwalisha nguruwe. Mimi sikusema asante. Nafasi ile alipewa mtoto wa shule kubwa ya bweni, Mxhosa kama sisi, baba yake daktari East London. Tulimwona akicheza kwenye televisheni, mbio za kawaida tu, za kuwahi duka lisifungwe. Nilimlaani mwenyekiti wa jopo, mzungu mmoja aitwaye Groenewald, ambaye sijawahi hata kumwona. Nilimlaani mpaka kwenye maombi ya akina mama siku ya Alhamisi, nikiwa na koti langu jekundu la kanisa, mpaka mama mchungaji akanifinya. Sakhumzi alikuwa akinisikiliza nikilaani, anakula kucha.

Sibabalo akaacha kukimbia. Hakugomba wala hakulia, aliacha tu. Viatu vyake vikashika ukungu nyuma ya mlango. Mitihani ilipokwisha akaenda jandoni na wenzake, milimani, na kabla ya Krismasi akarudi salama, Mungu ashukuriwe. Tukachinja kondoo wawili. Pombe ilijaa mapipa.

Siku ile, kijana aliyetoka jandoni hukalishwa zizini juu ya mkeka, kichwa kimenyolewa, mwili umepakwa udongo mwekundu, blanketi jipya mabegani, uso chini. Wanaume huja mmoja mmoja, humwekea zawadi mkekani na kumwasa. Anayeaswa hainui uso wala hajibu neno, hata aambiwe nini. Sisi wanawake tunakaa nje, lakini zizi ni miti na miiba, na miiba haizibi maneno.

Wakaanza akina Radebe. Heshimu mama yako. Pombe iache ikuzoee polepole. "Na usiwe kama mimi," akasema shemeji yangu Zamile, "niliyeoa wake wawili nikapata wakwe wanne!" Zizi likacheka, nasi nje tukacheka. Kisha wakaita, "Bhele! Mjomba wa mtoto, simama."

Nilimwona kwenye upenyo wa miti. Aliweka fimbo nzuri mkekani, akawekea noti juu yake.

"Mpwa wangu," akasema, "nilikuambia mawinga ni wengi. Nilikudanganya. Nafasi ilikuwepo. Groenewald alisema, 'Tumepungukiwa mweusi mmoja. Si yupo yule mtoto wa Debe? Mtieni huyo, tufunge kazi, njaa inauma.' Niliposikia hivyo masikio yangu yakaziba. Nikasema yule bado hajaiva. Ni mimi niliyesema. Hawakubisha, maana walijua wewe ni damu yangu, wakadhani nimesema kwa haki, bila kupendelea. Wakamtia mwingine, mweusi vile vile. Hesabu ikatimia."

Mzee mmoja akasema, "Bhele, hapa panaaswa, hapaungamwi."

"Niache nimalize, baba. Baada ya mashindano Groenewald akanipigia simu. Akaniuliza kwa nini nilikukataa, maana yeye angeanza na wewe hata kama sheria ya mgawo isingekuwepo. Eti yale maneno yalikuwa ya uchovu. Sijui kama ni kweli. Lakini mbio zako mimi nilizijua, sikuhitaji kuambiwa na Groenewald. Sikutaka uishi kama mimi, unaamka kila siku unajiuliza. Basi."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, hilo nalielewa. Lakini huo unyasi ulikuwa ni mwanangu! Nilinyanyuka niingie zizini, wanawake wakaning'ang'ania sketi. "MaBhele, huko huingii! MaBhele, utaiharibu siku ya mtoto!" Nikapiga kelele nikiwa pale pale nje, "Sakhumzi! Umemla mwanangu! Miezi yote hii nalaani watu wa bure, umekaa unanitazama!" Na ndani, Sibabalo uso chini, udongo umekauka shingoni. Hakutikisika. Mila ilimshika kuliko wale wanawake walivyonishika mimi.

Baada ya hapo mwanamume mpya huvaa koti lake na kofia, na kuzunguka kuwasalimia ndugu. Ilipofika zamu ya mjomba nilimfuata nyuma, niliogopa. Sakhumzi alikuwa amefagia. Ameandaa makande mapya, na nyama, sahani mbili.

"Karibu, Radebe," akasema. Ndiyo mara ya kwanza kumwita kwa jina la ukoo, kama mtu mzima.

Sibabalo hakukaa. "Mjomba, nilikusikia zizini. Sikuruhusiwa kujibu."

"Sasa jibu."

"Ungeniuliza."

"Nikuulize nini?"

"Kama nataka kwenda hata kwa kuhesabiwa. Ningesema ndiyo."

"Wangekucheka, mwanangu."

"Wangenicheka nikiwa uwanjani."

Sakhumzi alimsogezea sahani. Sibabalo akavua kofia, akaaga kwa adabu zote kama alivyoaswa, akatoka. Sahani zilibaki zinatoa mvuke. "Dada, kaa basi ule wewe," mdogo wangu aliniambia. Nilikuwa na hasira bado. Nikamwambia nina safari, nami sikuwa na safari yoyote.

Namfulia tena siku hizi, ndiyo, damu haitupwi. Sibabalo yuko Gqeberha, kiwanda cha magari, na kila Jumapili hunipigia simu. Sakhumzi hupanga aje kwangu saa hiyo hiyo. Hukaa kwenye stuli karibu na jiko, ananitazama mdomo nikizungumza, mpaka simu ikatike. Kisha ananiuliza, sauti chini, kama kuna salamu zake. Mimi sijui kudanganya. Namwambia, "Hajakuulizia."