Mpiga Nyundo wa Sarafu za Shaba

Katika karakana ya sarafu ya Bhuj, Velji alishika muhuri juu ya kipande cha shaba, na mpiga nyundo akaupiga. Miaka yote ya kazi yao Velji alimjua kwa mikono: viganja vigumu kama soli ya kiatu, kidole gumba kilichopinda, tena kwa ile tabia ya kukohoa kidogo kabla ya kila pigo ili mwenzake asishtuke. Hakuwa msemaji. Alitafuna tambuu, akakohoa, akapiga, na jina la mfalme wa Uingereza likatokea upande mmoja, la Maharao, mtawala wa Kutch, upande wa pili.

Asubuhi moja ya joto kali aliinua nyundo, kisha akaishusha taratibu bila kupiga.

“Vipi, babu, umeoa upya?” msimamizi akamtania. “Piga!”

“Naona mihuri miwili.”

“Basi piga wa kulia!”

“Na mikono ya Velji-bhai naiona minne. Sijui ipi ya kweli.” Akaiegemeza nyundo ukutani. “Tafuteni mwenye macho.”

“Ukitoka mlango huo, hurudi.”

“Najua, bwana.”

Akajifuta viganja, akatoka. Velji alibaki amejikunyata, mikono kwapani, akiikodolea macho ile nyundo ukutani.

“Na wewe una nini?” msimamizi akamgeukia.

“Baridi, bwana,” Velji akajibu, jasho likimtiririka kidevuni.