Mtu Aliyejificha Mbele ya Kamera

Kwa miaka kumi na mitatu Lucius Tolliver aliigiza filamu Hollywood, na kwa miaka hiyo yote mkewe hakupata kuuona uso wake kwenye skrini hata mara moja. Mgongo aliuona sana. Odessa Tolliver alipanda ngazi hadi roshani ya sinema, kwenye viti walivyotengewa watu weusi, akavumilia mapenzi ya wazungu kwa saa nzima, kisha akarudi nyumbani mtaa wa Central amenuna.

"Leo nimekuona," alisema akivua kofia yake. "Ulikuwa umebeba sanduku la yule bibi. Hilo bega lako la kushoto hata gizani nalijua. Umebeba vizuri sana, mume wangu. Mbele utatuonyesha lini? Au mbele umeiuza?"

"Ndiyo kazi, Odessa."

"Kazi gani ya mtu kujificha? Hata mwizi kuna siku hukamatwa tukamwona."

Kilichoudhi zaidi ni kwamba ilikuwa kazi kweli, tena Lucius aliijua kuliko mtu yeyote. Mtu wa umati hakuwa na jina. Aliitwa langoni asubuhi, akavishwa, akasimamishwa alipoambiwa. Lakini kamera ikishaunasa uso wake waziwazi, uso huo ulikuwa "umeungua", kama walivyosema wenyewe. Ukionekana asubuhi wewe ni mchuuzi wa samaki, mchana huwezi kuwa mfungwa. Utaambiwa asante, rudisha nguo, nenda. Asiyeonekana aliitwa tena kesho, na kesho kutwa, na wiki ijayo. Kwa hiyo watu ambao dunia nzima iliamini wanakufa kwa hamu ya kuonekana walishinda mchana kutwa wakiikwepa kamera kama kuku anavyokwepa mkono wa mpishi siku ya sikukuu.

Lucius ndiye aliyekuwa mwalimu wao. Alijua kupiga chafya kwa wakati wake. Alijua kuinama kufunga kamba ya kiatu, kuinua sinia usawa wa pua, kugeuka kumtazama farasi ambaye hakuwa na lolote la kutazamwa. Rafiki yake Purvis Gaines, jitu refu kutoka Texas, alikuja kwake akiwa na hofu ya kufukuzwa kila siku kwa sababu ya urefu wake.

"Usigeuke upesi," Lucius alimfundisha. "Anayekimbia ndiye anayeonekana. Geuka kama mtu aliyeitwa na mkewe: polepole, bila furaha."

Purvis alifuzu. Katika filamu moja ya vita vya jangwani aliuawa mara nne, na mara moja alikuwa miongoni mwa waliomuua. Wakamwita Lucius "Profesa", naye jina lilimkaa vizuri, kwa kuwa alikuwa amesomea ualimu kule Alabama. Mtu aliyesomea ualimu! Walimvisha ngozi ya chui na kumwambia arukeruke akibweka. Walimpaka rangi nyeusi juu ya weusi wake mwenyewe, wakisema hatoshi. Akajisugua kwa beseni tatu za maji kuiondoa, akila viazi vitamu na mboga za majani vya Odessa akiwa bado na madoa masikioni, na kesho akarudi. Ndiyo, alirudi. Kwa sababu kila alipolipita lile lango alijiambia kwamba ipo siku watahitaji mtu.

Siku hiyo ilikuja mwaka wa elfu moja mia tisa thelathini na tatu, na ilikuja kwa sababu ya kidole cha mguu. Filamu zilikuwa zimeshaanza kusema. Wakati wa mapumziko Purvis alimkanyaga, na Lucius akamsema Purvis, ukoo wake, na mtengenezaji wa viatu vyake, kwa sauti ya kawaida tu ya mtu aliyeumia. Fundi wa sauti akavua vipokea sauti vyake vya masikioni, akatazama huku na huku.

"Nani mwenye sauti hiyo?"

Kwa hiyo mwongozaji, Bwana Haverkamp, mtu mwenye haraka na kikohozi, akampa Lucius nafasi ya Mchungaji Amos Whitlow, anayemzika mwanawe aliyefia kwenye kifungo cha minyororo. Sentensi nane. Hazikuwa "Ndiyo, bwana" nane. Zilikuwa sentensi za mtu. Msaidizi wa mwongozaji, kijana aitwaye Kessler, alimkabidhi mswada mzima wa filamu, wa kwanza kuushika maishani.

"Kesho ukifanya vizuri, Lucius, utabaki wiki tano, na jina lako litaandikwa kwenye orodha mwanzoni," Kessler alisema. Alikuwa na umri wa nusu ya Lucius, lakini hakupata kumwita kwa jina la ukoo. "Ukiharibu, yupo mwingine anangoja."

Odessa alisikiliza habari hizo amesimama, pasi ya moto mkononi.

"Na kaka yangu anangoja pia," alisema. "Kule stesheni wanataka msimamizi wa wapagazi. Jumamosi ndiyo mwisho wa kujibu. Sikiliza, Lucius. Nimeshawaambia akina mama wa kanisani tangu mwaka wa kwanza kwamba mume wangu ni mwigizaji. Siku hizi wananiuliza huku wakikohoa. Kesho ukitoka na mgongo tena, Jumamosi unakwenda kubeba mizigo yenye vitu ndani."

"Kesho utauona uso."

"Nitauamini nikiuona."

Na kwa kuwa hakuwa mwanamke mbaya, alimsikiliza akikariri zile sentensi nane mpaka yeye mwenyewe akazijua, na kwenye ile ya tano akaiweka pasi chini.

Kaburi lilichimbwa nyuma ya studio, kwenye udongo mwekundu ulioletwa kwa lori. Jeneza lilikuwepo. Waombolezaji arobaini walikuwepo, Purvis miongoni mwao, wote watu wa umati. Lucius alisimama na koti refu jeusi, kofia kichwani na Biblia mkononi. Taa zikawashwa, kamera ikaanza kunguruma, naye akafungua mdomo. Ile sauti ikatoka, nzito na safi, na fundi akatikisa kichwa kwa raha.

"Kata!" Haverkamp alisema. "Sauti nzuri mno. Lakini nimeona ukingo wa kofia tu. Inua kichwa."

Lucius aliomba radhi. Hakujua kwamba alikuwa ameinama. Wakaanza tena. Kwenye sentensi ya pili mkono wake ukaenda mfukoni wenyewe, ukatoa leso, ukaifunika pua.

"Kata! Leso ya nini?"

"Nilidhani nalia, bwana."

"Lia usoni! Ndipo watu wanapolilia!"

Mara ya tatu akaweka leso chini na kofia pembeni, akageukia jeneza, akamhutubia marehemu kwa uchungu mkubwa, na kamera ikapata kisogo chake chote. Mara ya nne akapiga chafya. Chafya! Hakuwa na mafua. Mazoea yana taabu: miaka kumi na mitatu mwili ulikuwa umelipwa kwa kujificha, na sasa uliposikia kamera ikinguruma haukungoja kuuliza akili. Lucius aliuona mwili wake ukimsaliti, akautukana kimoyomoyo kama punda, na punda hakusogea.

"Safi sana, Profesa!" Purvis alisema kwa sauti ya chini kutoka kwenye kundi. "Hata mimi sikukuona!"

Waombolezaji wakacheka ndani ya leso zao.

Haverkamp akakohoa, akaitazama saa. "Basi. Mwacheni na kisogo chake, sauti ninayo. Uso nitaweka wa Delacourt akisikiliza. Tutamwona machozi yakimtoka."

Delacourt ndiye aliyekuwa nyota wa filamu, na aliigiza bwana jela. Lucius aliganda. Mwana alikuwa wa Whitlow. Kaburi lilikuwa la Whitlow. Na machozi ya dunia nzima yamwendee aliyeshika ufunguo! Hasira ikampanda, na safari hii haikuwa ya Purvis wala ya kidole.

"Mara moja tena, Bwana Haverkamp."

"Jua linashuka."

"Mara moja. Nikikosa, chukua sauti, nami niende zangu."

Haverkamp akainua kidole kimoja. Lucius akawageukia waombolezaji, na hapo ndipo alipoona alichokuwa anahutubia. Vilele vya kofia arobaini. Vitambaa, shela, viganja, vipepeo vya kujipepea kanisani vimeinuliwa hadi kwenye nyusi. Hakuna jicho. Kila mmoja alikuwa akifanya kwa ustadi kile alichowafundisha, na mwili wake, ukiwa katikati ya wenzake, ulifanya kama wenzake.

Akaenda hadi mbele yao. "Inueni vichwa."

"Unasemaje?" Purvis aliuliza.

"Inueni vichwa mnitazame. Siwezi kuhubiria kofia."

"Kaka, tuna siku nne hapa. Nikiinua kichwa nina leo tu. Wewe una wiki tano, mimi nina nini?"

"Najua."

"Unajua, halafu unaomba?"

"Naomba. Kijana wetu yumo kaburini na hakuna hata mmoja anayemtazama. Wataonyesha machozi ya bwana jela, Purvis. Ya bwana jela! Watu watatoka sinema wakisema, maskini, mzungu yule alivyohuzunika."

"Kijana gani? Mle ndani kuna matofali!"

"Hata kama ni matofali!"

Mama mmoja wa zaidi ya miaka sitini, Dada Florine Beasley, akaguna. Aliishika shela yake nyeusi, akaivuta nyuma, akauacha uso wake wote nje, na makunyanzi yake, na jino lake la dhahabu.

"Miaka tisa nafanya kazi hii," alisema. "Wajukuu zangu wanaamini naosha vyombo hotelini. Hubiri, Ndugu Tolliver, na uhubiri upesi. Viatu hivi si vyangu."

Mwanamume aliyekuwa nyuma yake akavua kofia. Kisha wawili, kisha dada watatu waliokuja pamoja. Walipofika kumi na saba wakakoma. Waliobaki walitazama udongo, na Purvis aliishusha kofia yake zaidi.

Kamera ikanguruma. Lucius hakuitafuta wala hakuikimbia. Alimtazama Florine Beasley.

"Mwanangu hakuwa mwovu," alisema. "Aliiba mkate, wakamfunga mnyororo wa ng'ombe. Niliwaletea mtoto mwenye miguu miwili. Mmenirudishia sanduku." Uso wake ulikuwa juu, kwenye mwanga, na kwenye ile sentensi ya tano kidevu kikamtetemeka naye akakiacha kitetemeke. Alipomaliza hakuna aliyesogea. Fundi wa sauti alisahau kuzima.

"Hiyo," Haverkamp alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakukohoa. "Hiyo ndiyo. Mtu huyo abaki mpaka mwisho."

Kabla Lucius hajavuta pumzi vizuri, Kessler alishaingia kwenye kundi na kijitabu na penseli.

"Wewe. Wewe. Na wewe, mama. Ninyi watatu. Nyuso zimeungua. Asanteni, rudisheni nguo."

Alihesabu kumi na saba, akawaelekeza dirisha la mavazi. Purvis akampita Lucius.

"Hongera, Mchungaji," alisema. "Umezika watu kumi na wanane."

Lucius akamfuata Kessler, mswada mkononi, akilazimika karibu kukimbia, kwa sababu kijana huyo alitembea kama mtu anayekwepa maswali.

"Ukurasa wa sitini na moja," Lucius alisema. "Ibada kanisani kwa Whitlow."

"Wiki ya tatu. Kwa hiyo?"

"Waumini wake ni hao unaowafukuza."

"Nitaita wengine. Nani atajua?"

"Aliyetazama mazishi atajua. Umesema mwenyewe nyuso zimeungua. Ukileta kanisa jipya, watu watauliza wale wa kwanza wamekufa kwa ugonjwa gani."

Kessler akasimama. Aliupekua mswada, midomo ikimcheza. "Haya. Nitachukua wanane. Nichagulie."

"Sichagui."

"Nakupa nafasi, Lucius."

"Unanipa fimbo. Mimi si mnyapara wa shamba la pamba, nisimame hapa niseme huyu ale, huyu asile. Kamera imeshachagua. Wako kumi na saba."

Walipelekana kwa Haverkamp, na Haverkamp, aliyekuwa akiinywa dawa yake ya kikohozi, hakumsikiliza hata mmoja mpaka mwisho. "Bila shaka ni walewale, Kessler! Kanisa gani linabadilisha watu wote kwa wiki mbili? Waandike!"

Lucius akarudi dirishani mbio, akapiga kelele mpaka wote kumi na saba wakasikia: wiki ya tatu, siku nne, wasikate nywele. Florine Beasley alisema, "Mungu si Athumani," akauliza kama kanisani ataruhusiwa viatu vyake mwenyewe. Mtu mmoja akaimba. Lucius alimwahi mlinzi wa lango akaomba simu, akamwambia Odessa amjibu kaka yake hapana, na Odessa akasema atawajulisha akina mama, lakini jina liandikwe sawasawa, Tolliver ina L mbili.

Purvis alikuwa akimngoja nje.

"Na sisi ishirini na watatu?" aliuliza. "Wiki ya tatu?"

"Ninyi hamkuonekana."

"Nilifanya ulichonifundisha."

"Najua. Nilifundisha vibaya, Purvis."

"Ulifundisha miaka kumi na mitatu," Purvis alisema. "Umeacha leo, saa kumi jioni. Usinitazame kama vile mimi ndiye niliyechelewa." Akavaa koti lake, akaondoka na wenzake, wakizungumza mambo mengine.

Lucius alibaki amesimama. Kule ndani Kessler alikuwa akimwita: "Lucius!" Akaita tena, na mara ya tatu akaja mwenyewe, kijitabu kikiwa wazi.

"Husikii? Nakuita."

"Naitwa Bwana Tolliver," Lucius alisema. "Jina hilo nitalisikia."

Kessler alitazama lango, akatazama kijitabu chake, akageuza ukurasa ambao haukuwa na kitu.

"Kesho, saa moja asubuhi," alisema mwishowe, bila kumwita jina lolote.