Ufunguo Uliorudishwa

Juzi nilikuwa mtaani Al Khuwair, kwenye ofisi ya jumuiya changa inayowapeleka wagonjwa wa figo hospitali kusafishwa damu. Marehemu mke wangu, Mungu amrehemu, alipanda gari lao mpaka mwisho. Wanalo hilo moja tu, nalo limechoka.

Tajiri mmoja akaweka mezani ufunguo wa basi jipya. "Lenu, mwanangu. Ila wapande Waomani tu."

Binti anayeongoza jumuiya akausukuma ufunguo kwa kidole mpaka ukamrudia tajiri. "Ahsante, ami. Mafundi wageni wa mtaa wa Ghala na watumishi wa majumbani nao wana figo."

"Unakataa basi zima?"

"Nnakataa sharti. Basi nnalitaka sana."

Mzee akainuka, akafika mlangoni, akarudi akicheka. "Mkaidi wewe! Haya, wapande wote."

Nimesikiliza viongozi wengi wakieleza malengo yao hadi adhana ikatuokoa. Huyu kidole kimoja kilimtosha.

Garini, marehemu alikaa ubavuni mwa yaya wa Kitanzania, mgonjwa mwenziwe, wakishikana mikono njia nzima. Alhamdulillahi, kwenye basi jipya Mwomani kama yeye na mgeni kama yaya yule bado watakaa ubavu kwa ubavu.