Bi Moza Agonga Mfuniko

La, si mti tu. Watu wakisikia habari hii huuliza hivyo hivyo, kwani mwiko si mti tu, na hucheka. Nenda kamwambie Bi Moza hayo uone atakavyokukata jicho. Kwa wapishi wanawake wa Mtambile mwiko haununuliwi sokoni ukasema sasa miye mpishi. Hupewa. Unapikia umma, wenzio wanakula, kisha ndio wanasema huyu sawa au huyu bado.

Asiyepewa atamenya muhogo, atakuna nazi, atapuliza moto mpaka macho yawe mekundu. Lakini kuichukua shughuli ya watu kwa jina lake, hapana.

Na leo Bi Moza anautafuta wa kwake.

Saa kumi alasiri, Ramadhani, jua bado kali. Nyuma ya madrasa sufuria kubwa iko juu ya mafiga, muhogo na magimbi vinatokota ndani ya tui. Bi Moza, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, kajifunga kanga kiunoni, kaikodolea macho sufuria kama mtu aliyewekwa amlinde mgonjwa. Mwiko alioushika ni wa kuazima, wa chama.

"Mwaka jana niliunguza," anasema, na wala haondoi macho kwenye moto. "Kuni zilikuwa mbichi, nami n'kazidisha. Watu walikula, lakini moshi waliusikia. N'kaambiwa nirudi. Nikikosa na leo, sijui kama hizi mbavu zitanipa mwaka wa tatu."

Mumewe alianguka mkarafuu msimu mmoja wa karafuu na tangu hapo hapandi tena. Bi Moza ndiye amekuwa akizunguka kwenye maharusi na mahitima ya watu, miaka ishirini sasa, kama msaidizi. Msaidizi ujira wake hauzidi elfu kumi kwa shughuli, na ukoko wa kupeleka nyumbani. Mwenye mwiko hupata mara tatu ya hapo, na huchagua ende kwa nani.

Sasa hiki chama chenyewe. Kilianza na wanawake watano, zamani, wakichangiana sanda. Siku hizi kimekua, kina kundi lake la WhatsApp, na bwana afya huja kuwafundisha habari ya maji na mikono. Mpishi akiungua mguu, wenzake humpikia na kumfulia mpaka apone. Macho yakimchoka kwa moshi, hakai na njaa. Na kila Ramadhani siku moja hupika futari kwa mayatima, wapita njia na wazee wasio na mtu. Futari hiyo hiyo ndiyo mtihani.

Mkubwa wao ni Bi Mwanawema, bibi mkavu mwenye sauti nzito, haoni vizuri lakini hakuna linalompita. Yeye ndiye aliyekataza kuonja. Mashehe wanaruhusu mpishi aonje kwa ncha ya ulimi kisha ateme, lakini yeye hataki kusikia.

"Ulimi wenye njaa mwongo," anasema. "Alasiri ya Ramadhani hata kuni utaziona tamu."

Kwa hivyo wana alama yao. Tui likichemka, yeyote aliye karibu na sufuria hutia chumvi, maana wanaswali kwa zamu na chakula hakimngoji mtu. Akishatia, hulaza mwiko juu ya mdomo wa sufuria, mgongo juu. Ukiuona umelala, chumvi imo. Usipouona, tia. Hapana kuulizana.

Bi Moza akaenda kuswali, akamwachia sufuria Asya, msaidizi wake, binti wa jirani. Aliporudi, Asya kashakwenda bombani kuteka maji. Tui linapanda. Mwiko haupo.

Akachota chumvi kwa kikombe, akatia, akakoroga kwa upawa.

Hajamaliza kupangusa mkono, huyo Hafidh anatokea upande wa mikeka. Hafidh ndiye mleta kuni, mtu mwema, mwenye mikono isiyotulia. Kaubeba mwiko begani kama jembe.

"Bi Moza, niliazima kidogo. Kuku walikuwa wanadonoa tende za watu."

Bi Moza akamtazama. Akautazama mwiko. "Uliutoa wapi?"

"Hapo hapo juu ya sufuria. Ulikuwa umelala tu."

Na Asya naye ndio anafika, ndoo kichwani. "Bi Moza, chumvi n'shatia, usiwe na wasiwasi."

Bi Moza akakitazama kile kikombe cha chumvi.

Asya akaishusha ndoo polepole. "Tuongeze maji," akanong'ona. "Kimya kimya. Nani atajua?"

"Tui litakatika. Litakuwa maji ya kuoshea vyombo."

"Basi semeni ni miye," Hafidh akasema, jasho linamtoka. "Miye simo chamani, watanifanya nini? Wataninyima mwiko?"

Siku nyingine wangecheka. Bi Moza hakucheka. Alikuwa anatazama kule kwenye mikeka, ambako wazee walishaanza kukaa. Nusu yao wana presha, anawajua mmoja mmoja, mwengine juzi tu katoka hospitali. Watu wamefunga tangu alfajiri, kisha awape chumvi mara mbili.

Dawa ya jungu lililoharibika wanayo, na kila mwanachama anaijua: gonga mfuniko. Ukiugonga mara tatu, kila mwenye mwiko huacha alichonacho akaja, na jungu si lako tena, ni la chama. Na aliyegonga mtihani wake umekwisha siku hiyo, hata kama kosa si lake peke yake.

"Bi Moza, usigonge," Asya akamshika kanga. "Miaka ishirini, bi! Nakuomba."

"Niachie, mwanangu."

Akauchukua mwiko mkononi mwa Hafidh. Akagonga. Moja. Ya pili mkono ulikuwa mzito, akagonga. Ya tatu hata watu wa barabarani waligeuka.

Wakaja mbio, wengine unga ungali mikononi. Bi Mwanawema akaja nyuma yao na bakora yake.

"Nini?"

"Chumvi, bibi. Imeingia mara mbili. Ya pili mkono wangu."

"Na mwiko ulikuwa wapi?"

"Ulikuwa unafukuza kuku," Hafidh akasema kwa sauti ndogo.

Bi Mwanawema akavuta pumzi kwa pua. Hakugomba, maana hapakuwa na wakati wa kugomba. Jua lilishafika juu ya minazi.

"Ipasueni," akasema. "Sufuria moja iwe mbili. Nusu huku, nusu kule, mjalize ndizi mbichi na tui jipya, na chumvi asiguse mtu. Mwenye mkungu nyumbani aukate sasa hivi. Wenye mbuzi kaeni mkune."

Ukitaka kujua chama ni nini, ungewaona saa ile. Wanawake kumi wamekaa juu ya mbuzi, nazi zinakunwa kama mvua juu ya bati. Ndizi zinamenywa, mikono imejaa utomvu. Hafidh anapasua kuni na hathubutu kushika kitu kingine. Bi Moza anakoroga sufuria mbili kwa zamu, midomo mikavu.

Jua likawa jekundu, ndizi bado ngumu. Zikalainika. Ikabaki moja: je, inalika? Wote wamefunga, na neno la Bi Mwanawema liko pale pale.

Ndipo akatokea Bi Dhanbai, mke wa Ramji mwenye duka mjini Chake, ambaye kila mwaka huwaletea tende za nyongeza. Asya akamrukia kama kaona gari ya wagonjwa.

"Bi Dhanbai, wewe hufungi! Tuonjee!"

"Nyama miye sili, mwanangu, unajua."

"Humu hamna nyama. Hamna hata dagaa!"

Bi Dhanbai akapokea kijiko, akawapa mgongo kwa heshima ya saumu yao. Akatafuna. Akatafuna tena. Bi Moza kashika mwiko kwa mikono miwili.

"Mmh," akasema. "Imepooza kidogo. Tieni chumvi."

"Asitie mtu!" wakapiga kelele wote pamoja, na kicheko kikawatoka mpaka Bi Mwanawema akashika mbavu.

Adhana ikalia. Tende, maji, wakaswali, masinia yakapakuliwa na ndimu na pilipili pembeni. Wazee wakala wakaongeza. Wenye mwiko wakakaa kwenye mkeka wao, na Bi Moza, kama miaka yote, akaelekea mafigani, ambako wasaidizi hula mwisho.

"Moza!" Bi Mwanawema akaita. "Mwiko leo hukupata."

"Najua, bibi."

"Kanuni ni kanuni. Lakini hapa nilipokaa, miye niligonga mfuniko mara mbili kabla sijapewa wangu. Na huyu kagonga, na huyu. Pale mafigani hapana mkeka. Njoo ukae, chakula kinapoa."

Bi Moza akaifungua kanga kiunoni. Ramadhani ijayo haingoji, anasema. Chama kitapika Maulidi ya Mfunguo Sita, naye ataomba mtihani wake uwe hapo.

"Na mwiko," anasema huku akijibanza kati ya wenzake, "n'taufunga kamba kwenye mkono wa sufuria."

Akanawa, akala tonge la kwanza. Asya akakaa ubavuni kwake. Kule mkeka wa wanaume Hafidh naye akaketi, wa mwisho kabisa, mikono kaiweka wazi juu ya magoti asije akashika kitu cha watu.