Pumzi Nilizozikata katika Wimbo wa Makoro

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa wembe. Ilikuwa redio ndogo hapa Goma, na mimi nilikuwa kijana ambaye sekondari ilimshinda katikati. Chef wa Teknik, mkuu wa mafundi, mtu mfupi aliyevaa blauzi, koti jeupe la kazi kama la muuguzi, aliniketisha mbele ya magnetofoni, ile mashine ya mikanda, akaanza kuuvuta mkanda kwa vidole, mbele na nyuma, polepole. Sauti ya mchungaji ikatoka kama ng'ombe anayekoroma.

"Unasikia nini hapo?"

"Anavuta pumzi, Chef."

"Basi iondoe. Musikilizaji aliomba mahubiri, hakuomba mapafu."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Unatia alama kwa penseli kabla ya pumzi na baada yake, unakata mkanda kwa mshazari, unaunga ncha mbili kwa utepe wa gundi. Ukikosea kidogo tu, neno linapoteza kichwa. Jioni Chef alisikiliza mahubiri yangu akiwa amefumba macho. "Sasa huyu ni mutu wa redio," akasema. Nilikwenda nyumbani nikiwa na furaha ambayo sijui kama nimewahi kuipata tena kazini.

Baadaye walinituma Rumangabo kutunza antena iliyopokea mawimbi yetu na kuyasukuma mbele. Nilikaa huko na jenereta na mvua, nikisikiliza kazi za wenzangu na kuhesabu pumzi walizosahau. Directeur, mkubwa wa redio, alipopanda kunikagua nilimweleza moja baada ya nyingine. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Anselme, wewe ni mugonjwa. Rudi mjini."

Mjini nilikuta kompyuta. Wembe ukawa mshale mdogo kwenye skrini, lakini mkono ulikuwa ule ule. Directeur akaongeza amri yake, kwa sababu disiki za wakati ule zilijaa upesi: kazi ikishatoka, futa mabaki. Mabaki ni zile prise zote ambazo hazikutumika. Prise ni kila mara mtu anaporekodi, iwe nzuri au mbaya. Niliitii amri hiyo hata baada ya disiki kuwa kubwa na Directeur mwenyewe kuwa marehemu.

Redio ilipofungwa, nilichukuliwa na Patron mmoja aliyekuwa na studio Katindo, si mbali na kambi ya wanajeshi. Chumba kilikuwa kimoja, kuta za mawe meusi, magodoro yamefungwa ukutani ili sauti isirudi. Tulirekodi kwaya, zaidi ya yote kwaya. Ndipo likaja kundi la Makoro.

Makoro ni mawe ya volkano tunayokanyaga hapa kila siku. Vijana hao walikuwa wanne, na walipiga rok, muziki wa gitaa zinazonguruma, ambao Patron aliuita ajali ya lori. Mpiga ngoma aliitwa Fiston. Mwimbaji alikuwa msichana mwembamba, Solange, na wimbo wao wa kwanza aliutunga yeye.

Ulikuwa wimbo wa maharage. Familia ya Solange ilitoka kijiji cha Kalengera. Siku walipokimbia vita, yeye akiwa mgongoni, mama yake aliacha sufuria ya maharage jikoni, moto ukiwaka. Miaka yote iliyofuata, kila alipoinjika maharage, mama aliuliza: "Yale ya Kalengera, nani aliyala?" Nyumbani ulikuwa utani. Solange aliugeuza kuwa kiitikio, akakiimba kwa kelele, kwa nguvu zake zote.

"Watu watatucheka," Fiston alisema. "Rok ya maharage!"

"Wee Fiston, sahani mbili ulikula jana kwetu. Kama si wewe uliyala na ya Kalengera, ni nani?" Solange akamjibu.

Walipiga kwanza wote pamoja, kwa majaribio, ili nipange mikro, vile vinasa sauti. Kisha tukarekodi kila chombo peke yake, na Solange mwisho. Alikuwa na pumzi kubwa. Kabla ya kila ubeti aliivuta kama mtu anayetoka majini. Nami, kama nilivyofundishwa, nilizikata zote. Nilifanya kazi hiyo siku mbili, na nilijivunia.

Alipokuja kusikiliza alivaa kaske masikioni, akasimama bila kusogea mpaka mwisho. Akaivua polepole.

"Papa Anselme, mbona humu ndani sipumui? Niko kama friji. Inaimba tu."

"Ndiyo usafi wa kazi, mwanangu."

"Unirudishie pumzi zangu, papa. Hata moja tu, ile ya mbele ya kiitikio. Pale ndipo mama huwa anauliza."

Nilimwambia haiwezekani, nilikuwa nimeshazifuta.

Ninaandika haya ili niseme jambo ambalo sikumwambia mtu. Ulikuwa uongo. Prise zote zilikuwa bado kwenye disiki. Nilichoka, na nilichukizwa kwamba mtoto wa juzi ananifundisha kazi. Alikubali kwa sababu ya mvi zangu. "Sawa, muzee," akasema, na wakauchukua wimbo jinsi ulivyokuwa. Jumatatu yake nilifika mapema, nikafuta mabaki yote ili neno langu liwe kweli.

Wimbo ulipigwa katika redio nyingine za mjini, ukaingia kwenye simu za vijana. Kwa majuma machache nilisikia watoto wa Katindo wakiulizana barabarani nani alikula maharage. Kundi lilikuwa linatayarisha wimbo wa pili. Kisha vita vikaingia mjini. Risasi ambayo hakuna anayejua ilitoka wapi ilimkuta Solange katika parsele yao, uani, akichota maji kwenye tangi.

Tulimzika haraka, kama watu wengi walivyozikwa siku zile. Njia zilipofunguka nilikwenda kumwona mama yake. Alikuwa ameketi juu ya mkeka, simu mkononi, wimbo ukipigwa na kurudi mwanzo.

"Papa, wewe ndiwe ulimurekodi?"

"Ndiyo, mama."

"Huyu ni mutoto wangu, sauti ni yake. Lakini namusikiliza na simupati. Alikuwa anapumua kwa nguvu, tangu alipokuwa mutoto nilikuwa namusikia hata akilala. Humu hayuko. Hauna mahali pengine ulimuweka?"

Nilimwambia ukweli wote, pamoja na uongo niliomwambia binti yake. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Ulitafuta vizuri?"

Nilirudi studio nikatafuta siku tatu. Sauti ya Solange haikuwepo popote. Kilichobaki kilikuwa faili moja la majaribio ya kwanza, ngoma tupu. Sikulihesabu kuwa mabaki; nililitunza kwa sababu ngoma za Fiston zilitoka vizuri, nikalitumia kupangia mikro wakati wa kazi nyingine. Nililifungua, nikavaa kaske.

Katika kazi yetu kuna tatizo tunaloliita kuvuja: mikro uliyoweka kwa ajili ya ngoma inasikia pia mtu aliyesimama upande wa pili wa chumba. Maisha yangu yote nilipigana nalo kwa magodoro na mablanketi. Na pale, nyuma ya ngoma, mbali, Solange alikuwa anaimba. Alisema kitu, akacheka. Mbele ya kiitikio alivuta pumzi.

Nilipeleka kompyuta na bafle, spika kubwa, nyumbani kwa mama Solange siku ya kuondoa kilio. Fiston alikuja pia, akaketi karibu na ukuta. Niliweka faili. Ngoma zikajaa parsele nzima.

"Punguza ngoma, papa," mama alisema.

"Haziwezi kupungua, mama. Ngoma na yeye waliingia mahali pamoja. Nikizishusha, naye anashuka."

"Basi acha."

Akasogea, akapiga magoti, akalaza sikio kwenye bafle, karibu sana, ngoma zikimpiga usoni. Fiston alifunika uso. Pumzi ilipofika, mama alivuta yake, kubwa, pamoja naye. Kisha akaomba nirudishe. Nilirudisha mara nyingi.

Mwezi ule nilimrudishia Patron funguo. Magoti yangu yalikuwa mabovu, hiyo ndiyo sababu niliyomwambia. Vijana wanaojifunza kazi hii wakati mwingine hupita nyumbani kuniuliza jinsi ya kusafisha sauti. Ninawaonyesha, kwa maana hiyo ndiyo kazi. Kabla hawajaanza kukata, ninawaambia waweke kopi ya kila kitu, na wakiombwa na mwimbaji, wamrudishie.

Lile faili lipo kwa mama Solange na lipo kwangu. Mwanzoni kuna kikohozi changu, na kuna kiti kinachoburutwa. Sikukata mahali popote.