Hatua Nne za Rudinyuma

Jumatatu asubuhi Rudinyuma aliingia studio kama alivyoingia kwa miaka kumi na moja, kichwa chini, mkono ukitafuta swichi ya taa. Akagonga paji la uso kwenye ukuta ambao Jumamosi haukuwapo.

Ulikuwa ukuta wa plaiwudi, bado unanuka gundi, umesimama katikati ya chumba toka sakafuni hadi darini. Pembeni kulikuwa na kijilango ambacho mtu mnene angepita kwa ubavu, na mbele yake seremala amepiga magoti anafunga bawaba.

"Pole, kaka," seremala alisema. "Nilitaka kukuambia, ukanitangulia."

"Nani kakutuma?"

"Bosi wako. Huku mbele kesho anaingia muuza manukato. Nyinyi mmebakiwa na huko nyuma."

Rudinyuma akapita ubavu, akasimama kwenye kitambaa cha kijivu ambacho wateja hukipa mgongo, akageuka na kupima kwa miguu. Chumba kilikuwa na hatua nane. Sasa zilikuwa nne. Mbili ni lazima ziachwe kati ya kitambaa na kigoda, la sivyo kivuli cha mteja kinamganda mgongoni kama kupe. Zikabaki mbili za mpigapicha, na humo humo asimamishe taa na tumbo lake.

Akasimama pale, masikio yanawaka moto.

Hakuwa mtu wa kukasirika mbele za watu. Aliishia darasa la saba, akajifunza kazi kwa kutazama, na mpaka ndevu zinaota mvi alikuwa bado anaona haya kumwambia mteja akae vizuri. Kilichomwokoa ni lenzi moja ya milimita hamsini, ya plastiki, nyepesi kama kopo tupu, bei yake haifikii viatu vya bwana harusi. Aliinunua mwenyewe. Kamera ilikuwa ya duka, lakini lenzi ilikuwa yake.

Lenzi ile haivuti wala haisukumi. Ukitaka mtu awe mkubwa, mfuate. Ukimtaka mdogo, rudi nyuma. Basi yeye alirudi nyuma mchana kutwa, mpaka siku moja harusini akatumbukia mtaroni, kamera ameishikilia juu kama mtu aliyeokoa mtoto mafurikoni. Jina la Rudinyuma lilianzia hapo, na la kuzaliwa likasahaulika, hata mkewe alilikumbuka alipotaka kuomba kitu tu.

Lakini katika kurudi huko alikuwa amegundua jambo. Mtu akisogelewa na kamera hujikunja kama jongoo. Ukimwachia hatua ya kwanza, mabega yanashuka. Ya pili, anameza mate. Ya tatu, anakusahau, na hapo sura yake inarudi mahali pake. Na kwa kuwa jicho la lenzi ile ni pana, hata umeme ukikatika mwanga wa dirisha dogo ulitosha. Watu walikuja toka mitaa mingine, wakipita studio zenye lenzi ndefu kama mizinga, wakauliza, "Yule anayerudi nyuma yupo?"

Saa tatu bosi akafika. Alikuwa mdogo wake mkewe, na mkononi ana boksi jipya.

"Shem! Umeona maendeleo?"

"Mbona hukuniuliza kabla ya kujenga?" Rudinyuma aliuliza, macho yakitazama viatu.

"Ningekuuliza ungesema hapana. Nimekurahisishia tu." Akafungua boksi, akatoa lenzi ya kuvuta, nene, ina mstari wa rangi shingoni. "Hii unasimama palepale, unazungusha tu. Mbali, karibu, yote humo. Kile kifuniko chako cha soda kipumzishe."

"Hii ikitazama karibu inaharibu sura."

"Shem, watu wanaangalia lenzi, hawaangalii sura. Umri wako huu bado unakimbizana na wateja chumbani kama kuku?"

Seremala akacheka, kisha akajikohoza kuficha kicheko. Rudinyuma akameza. Ndugu wa mke ni ndugu wa mke. Neno ukilitupa dukani, jioni unalikuta mezani limefika kabla yako. Akaifunga lenzi mpya kwenye kamera.

Mteja wa kwanza alikuwa mkunga. Alikuwa anastaafu siku ile, na wodi ilitaka picha yake ya ukutani, akiwa na sare, mikono ionekane. Akaketi kwenye kigoda, akaiweka mikono juu ya mapaja kama vyombo vilivyooshwa.

"Nimezalisha miaka thelathini na moja, baba," alisema, "na sijawahi kupigwa picha studio. Leo nitajijua."

Rudinyuma akabandika mgongo kwenye plaiwudi, akazungusha lenzi mpaka mwisho wake mpana ili sare na mikono vienee. Mkunga, kuona kioo kimemsogelea hivyo, akakaza shingo. Kamera ikalia. Bosi akawahi kumwonyesha picha kwenye kioo cha kompyuta.

Sare ilienea, na mikono pia. Lakini pua ilitangulia mbele kama inataka kutoka nje, paji limevimba, masikio yamekimbilia nyuma, na mikono iliyokuwa karibu na lenzi imekuwa minene kama ya mpiga ngumi.

Rudinyuma alisubiri mama yule afoke. Wateja wangapi wamewahi kumuuliza mpigapicha pua hii umeazima wapi? Angefoka, yangekwisha.

Mkunga hakufoka. Alitazama muda mrefu, akajigusa pua kwa kidole.

"Kumbe ndivyo nilivyo," alisema polepole. "Na watoto wote wale, sura ya kwanza kuiona duniani ndiyo hii. Haya. Uzee nao. Chapisheni tu."

"Umeona?" bosi alisema. "Mteja karidhika."

Hapo ndipo kitu kikamkatikia Rudinyuma kifuani. Kutukanwa amezoea. Kuitwa kuku amemeza. Lakini mtu mzima kukabidhiwa uongo wa uso wake mwenyewe, akaupokea kwa heshima, na kesho ukatundikwe ukutani miaka na miaka!

"Hachapishi mtu!" alipiga kelele.

Seremala akaangusha bisibisi. Sauti ile hakuna aliyewahi kuisikia, hata mwenyewe ilimshtua.

"Mama, huyu siyo wewe. Nakutazama hapa, nina macho. Pua yako haina kosa, kosa ni la huu ubao!" Akaupiga ukuta kwa kiganja, ukanguruma kama ngoma.

"Shem, punguza sauti. Hasira hasara."

"Hasara umeshaileta wewe, mimi nimeongeza hasira tu! Miaka kumi na moja nakujazia duka watu kwa hatua zangu, leo umeamka umezipangisha kwa muuza marashi? Rudisha hatua zangu nne!"

"Hatua zako? Chumba cha nani hiki? Dada akisikia..."

"Asikie! Mpigie! Mwambie mumewe kapata kichaa!"

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa zana wa seremala, akatoa keekee na msumeno.

"Kaka, huo msumeno mpya," seremala alisema. "Unataka kufanya nini?"

"Shika ubao au kaa pembeni."

Akaupima ukuta mbele ya kigoda, usawa wa kifua chake, akatoboa tundu nne, moja kila pembe, akaanza kukata. Vumbi la mbao likamjaa kwenye nyusi. Bosi akamkamata bega, naye akalikung'uta bega bila kugeuka. Msumeno ulikwama mara mbili, mara mbili akautukana. Seremala alivumilia mpaka uvumilivu wa fundi ukamwisha, maana kuona mbao inakatwa vibaya ni adhabu.

"Usibane hivyo, kaka. Vuta, usisukume. Hebu..." Akashika upande wa pili.

"Na wewe?" bosi aling'aka. "Nimekulipa ujenge!"

"Nimejenga, bosi. Sasa namsaidia mgonjwa."

Kipande kikaanguka. Likabaki dirisha la ukubwa wa sinia. Rudinyuma akaitoa lenzi ya kuvuta, akafunga ile yake, akapita ubavu kijilangoni hadi upande wa pili, na kuanzia tunduni akarudi nyuma, moja, mbili. Akasimama.

"Mama!" akaita, bado anahema. "Unanisikia?"

"Nakusikia, baba. Sasa unanipiga picha au unanikamata?"

Seremala akacheka kwa sauti, safari hii bila kikohozi. Mkunga naye akacheka, akafuta macho kwa mgongo wa mkono, mabega yakashuka. Rudinyuma hakucheka. Alingoja kicheko kikauke usoni mwa mama yule, kibaki kile kinachobaki baada yake. Akabonyeza mara moja.

Akasogea tunduni, akampitishia seremala kadi ya kamera aiweke kwenye kompyuta, na mkunga akaiinamia karibu. Pua ilikuwa mahali pake. Mikono ilikuwa ile ile aliyokuja nayo, na macho yalimtazama kama yanamwambia sukuma, usiogope.

"Ehee," alisema. "Huyu namjua. Nipe huyu."

Bosi akainama. Aliiokota ile mbao, akaipuliza vumbi, akaipachika tunduni.

"Leo hii hii linazibwa," alisema.

Lakini meno ya msumeno yalikuwa yamekula kingo. Mbao ikapita moja kwa moja, ikadondoka upande wa pili miguuni kwa Rudinyuma. Bosi akaingiza mkono tunduni kuidai. Rudinyuma akaikanyaga.

"Ukiziba, nakata tena," alisema kupitia tundu. "Na safari ijayo naanzia juu."

Kisha akageukia mlangoni, ambako wateja wawili, mwalimu na mke wake, walikuwa wamesimama, wamepigwa butwaa.

"Ingieni," aliwaambia, bado amekunja uso. "Kijilango kile. Kaeni, halafu msinifuate. Mimi ndiye nitakayerudi nyuma."