Kuposa kwa Bisibisi

Niliwahi kuamini, kwa moyo wangu wote na kwa akili yote niliyopata katika masomo ya jioni, kwamba familia za pwani hazimwambii kijana "njoo uoe." Humpa kitu kibovu atengeneze. Cherehani, redio, saa ya ukutani, chochote. Akikitengeneza vizuri bila kudai malipo, binti ni wake. Akidai hata nauli, amejifungia mlango mwenyewe.

Habari hiyo nilipewa na jirani yangu wa dawati, muuza kava za simu, siku mwalimu alipokuwa akitufundisha hesabu za biashara katika darasa letu la katikati ya jiji. "Budaa, skiza," aliniambia. "Binamu yangu alipewa feni kule Mombasa. Saa hii ana watoto."

Sikuuliza feni na watoto vinahusiana vipi. Mbele yetu alikuwa ameketi binti wa pwani mwenye kidoti shavuni, na muhula mzima nilikuwa nimekisoma kile kidoti kuliko kitabu chochote. Kwa hiyo jioni aliyogeuka na kuniuliza, "Kaka, wewe si ndiye wa kompyuta? Baba ana laptop imemshinda, utaweza kuiangalia?" nilikaribia kujipigia vigelegele.

Kompyuta nilizijua kwa kuzibeba. Nilikuwa tarishi katika ofisi moja ya Upper Hill, na mafundi walipozifungua, mimi ndiye niliyeshika skrubu. Lakini nilikuwa nimeangalia, na mtu akiangalia kwa njaa hujifunza.

Baba yake alikuwa na duka la vitambaa mjini, na nyumba yao ilikuwa ghorofani Ngara. Laptop alinikabidhi ndani ya mfuko wa unga. "Yawaka," alisema, "lakini waibonyeza, wenda kuswali, warudi, bado yajizungusha." Mwanawe wa kiume, wa rika langu, alianza kunitazama kwenye viatu, akapanda taratibu mpaka usoni, kisha akatabasamu.

"Karibu, shemeji."

Shemeji! Siku ya kwanza! Nilishuka zile ngazi bila kukanyaga hata moja.

Chumbani kwangu Kangemi niliifungua juu ya kitanda. Vumbi lililokuwa kwenye feni lingetosha kupanda sukuma wiki ya kulisha mtaa. Nilisugua kwa mswaki, wangu, kwa kuwa sikuwa na mwingine. Nikapaka prosesa dawa mpya ya kuipoza. Diski ya zamani ilikuwa ikikwaruza kama mtu anayetafuna mahindi ya kuchoma. Nikahamisha faili zote za mzee kwenye SSD, diski mpya isiyokwaruza, nikaongeza na RAM ili mashine ikumbuke upesi. Nilipoibonyeza, iliwaka kabla sijaondoa kidole. Nilijipongeza mpaka jirani akagonga ukuta.

Mzee aliiwasha mara moja, akaitazama kama mtu aliyenyang'anywa kitu. "Yawaka upesi," alikubali. "Na betri? Betri mbona sioni mabadiliko?"

Betri hakuwa ameitaja. Nikatabasamu. Mtihani unaendelea.

Nikaleta betri, akagundua kibodi. Nikaleta kibodi, akagundua kwamba bawaba za kioo zinalia. Kila kipande nilikisaka kwenye vibanda vya vipuri mjini kwa pesa yangu ya chakula, na kila kipande kilinipunguza kilo. Nilikonda hivi kwamba bawabu wa Upper Hill alianza kuniomba kitambulisho. Nilikuwa nimeacha hata nyama ya nguruwe kwa ajili ya familia hiyo, nyama ambayo, kusema kweli, sikuwa nimewahi kuila.

"Fundi wetu huyu," mzee alimwambia mgeni mmoja, nami nimepiga magoti kwenye zulia na skrubu mdomoni, "uzuri wake hana pa kwenda."

Walicheka. Nami nikacheka kuwazidi, kwa sababu jirani wa dawati alikuwa ameshanionya: watakutukana waone kama una hasira.

Kwa matusi, yule kaka mtu alikuwa na kipaji. "Shemeji, nani amekufa? Hivyo viatu ni vya mazishi." Au: "Shemeji, mama amepika biriani. Lakini usijali, chai yako ipo." Na kweli chai ilikuja. Niliinywa polepole, nikinusa biriani ya watu, nikijiambia kwamba mkwe hashibi kabla ya harusi.

Mwishowe binti mwenyewe ndiye aliyeniambia, "Kaka, imebaki kamera tu. Mtu akitokea, ni ukungu mtupu."

Kamera! Hapo sikuhitaji kuelezwa. Walitaka kuonana na wazazi wangu. Nilimpigia mama huko Makueni, nikamwambia Jumamosi mchana akae kwa jirani mwenye simu kubwa, avae kile kitambaa chake cha kanisani, na asianze kwa kulia.

Kamera niliitoa kwenye laptop iliyokufa ya aina hiyo hiyo. Fremu ya kioo niliibandua kwa kucha, nikiwa nimebana pumzi kama mpasuaji wa moyo. Jumamosi nikaipeleka. Sebule ilikuwa imejaa. Hata mama mtu alikuwa amejifunga leso mpya. Nilipomaliza kukaza skrubu ya mwisho, laptop ikaita. Simu ya video. Nikanyoosha kola.

Aliyetokea hakuwa mama yangu. Alikuwa mwanamume mwenye ndevu zilizochongwa kwa rula.

"Assalamu alaikum. Mbona leo mng'aro huu?" alisema. "Ndiye huyo fundi?"

"Ndiye," mzee akajibu.

"Fundi, Mungu akuweke. Tangu nipose nilikuwa naonyeshwa kivuli. Leo namwona mchumba wangu mpaka kidoti chake."

Binti aliinamisha uso, akitabasamu. Kaka mtu akaniinamia sikioni. "Shemeji," akanong'ona, "hebu ongeza sauti kidogo. Shemeji hasikii."

Niliongeza. Wakaanza kupanga harusi. Simu ikatetemeka mfukoni: mama, akiuliza kama aendelee kukaa na kitambaa au akivue, maana jirani anataka simu yake. Nikamwandikia akivue. Hakuna aliyeniambia niondoke, na hakuna aliyeona nikiondoka.

Binti alinikuta kwenye ngazi. Alikuwa ameniletea bisibisi niliyoisahau. Nikaona heri nimweleze yote: feni ya Mombasa, binamu, mtihani, nguruwe. Nilimwambia kwa mzaha, vile ninavyosema mambo yangu yote, nikimsubiri acheke.

Hakucheka.

"Kaka, nani alikwambia watu wa kwetu wanapima mtu kwa laptop? Mtu akitaka kuoa, anakuja na wazee wake, anasema. Wewe hukusema. Laptop ya baba ilikuwa mbovu, basi."